Herufi Mbili za Mwanzo

Ofisini sasa wananiita mstaafu, ingawa nina miaka ishirini na tisa. Mkataba wangu ulikwisha mwezi uliopita, baada ya miaka minne na nusu. Niliagwa kwa soda na wali kuku, na Mashaka, dereva wetu wa Fuso, akasimama akasema nimefanya kazi ya kutosha, sasa nikapumzishe mifupa. Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama amesema mifupa kwa sababu nimekonda.

Nawaandikia ninyi wawili mliokaa kwenye meza yangu. Mmehitimu juzijuzi kama mimi nilivyokuwa, na nimeona mnavyoshika kalamu: kwa hofu. Siwezi kuwaondolea hofu hiyo, maana yangu mwenyewe bado ninayo. Nataka tu muielekeze mahali panapostahili. Mimi niliitumia karibu yote kwenye mambo madogo, na siku ilipohitajika kweli haikuwepo. Mambo ya mshahara nayaacha, na cheo sikupata, kwa hiyo sehemu hiyo imekwisha.

Nilifika Tunduma nikitokea kwetu Ruanda, Mbozi, shahada yangu ya lugha ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki. Nilikuwa nimeambiwa niripoti saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni. Nikaona nimewahi mno, watadhani sina akili, nikavuka barabara nikajificha nyuma ya lori lililobeba shaba. Mzee Sichalwe, mkuu wa hati, alikuwa anafungua ofisi. Aliniona, akavuka barabara naye.

"Binti, unamsubiri dereva?"

"Shikamoo. Hapana, nimekuja kazini."

"Marahaba. Kazi iko kule ndani. Huku kuna moshi tu."

Mnamjua Mzee Sichalwe, lakini mnamjua akiwa amechoka. Wakati ule alikuwa akitembea haraka kuliko vijana. Hakusoma chuo. Kiingereza alijifunzia kwenye makaratasi ya mizigo, miaka zaidi ya ishirini, na kwa hiyo alijua maneno yasiyojulikana na mtu na hakujua yanayojulikana na watoto. Alinieleza "demurrage" kwa dakika kumi bila kusita: kwamba ni malipo ya kuchelewesha chombo au kontena la watu. Wiki hiyohiyo aliniuliza "butterfly" ni nini.

Kazi yetu mmekwisha kuiona: kutoa mizigo mpakani kwa niaba ya wenye mali. Kazi ya meza yangu ilikuwa maneno. Kiingereza cha mizigo kina maneno marefu yanayochangia herufi kama ndugu wanaochangia nguo, ukimwona mmoja kwa mbali unamwita jina la mwenzake. Mzee alikuwa na rula ya mbao ya kukabiliana nayo. Alifunika neno zima, kisha akaisogeza polepole, kipande kwa kipande, na kila kipande alikitamka kabla ya kufunua kinachofuata. "Neno refu ukilitazama lote linakutisha," alisema. "Likate. Hata nyoka ukimwona mkia tu hujui kama ni nyoka." Mfano huo ulinitia wasiwasi zaidi, lakini njia ilifanya kazi.

Mimi niliongeza daftari la kaunta, lile jekundu mliloachiwa. Nilipanga maneno kwa herufi zinazofanana, si kwa alfabeti, kwa sababu mtu hakosei kati ya A na Z, anakosea kati ya ndugu. Ukurasa wa kwanza: "consignor", anayetuma mzigo; "consignee", anayepokea; "consignment", mzigo wenyewe. Herufi mbili za mwisho ndizo zinazoamua mali ni ya nani. Ukurasa wa pili: "identification", utambulisho; "indemnification", ahadi ya kufidia hasara. Huu niliuandika baada ya kumwagiza dereva mmoja alete ya kwanza wakati ofisa wa forodha alitaka ya pili. Yule baba alikuwa mtiifu. Alileta kitambulisho, leseni, kadi ya mpiga kura na kadi ya kliniki ya mtoto wake, akauliza kama vinatosha.

Ukurasa wa tatu una "perishable", kitu kinachooza upesi, na "punishable", kinachostahili adhabu. Niliwahi kuandika kwenye barua kwamba nyanya za mteja wetu ni "punishable", zishughulikiwe haraka. Barua ilirudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni: "Zimefanya nini?" Nilikaa siku nne nikikwepa kupita mbele ya dirisha la ofisa huyo. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikwishahamishiwa kituo kingine asubuhi iliyofuata.

Kuna pia ukurasa wa maneno ya simu. Mwenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, Ba Mulenga, alipiga siku moja akasema hati zetu zinahitaji "collection". Maana yake ni kuchukuliwa. Nikavuka, nikakaa kwenye benchi lao saa mbili nikisubiri nipewe. Mwishowe akatoka.

"Muli shani, sista. Umekuja na zile mpya?"

"Mpya zipi? Nimekuja kuchukua hizi."

"Nilikuambia zinahitaji collection. Jina limekosewa. Ukosoe."

Alikusudia "correction", marekebisho. Kwao na kwa wengi wetu huku, hizo herufi za katikati, L na R, mdomoni ni moja. Sikumcheka, kwa kuwa mama yangu mzazi husema hivyohivyo. Tangu siku hiyo kila jambo la simu nilimwomba mtu anieleze nifanye nini kwa mikono yangu: nichukue, nifute, nisaini. Fanyeni hivyo. Mtaonekana wajinga kwa dakika moja tu.

Sasa ukurasa wa "in". Mzee alinifundisha mwezi wa kwanza kwamba neno refu likianza na herufi hizo mbili, hapo pana hapana. "Incomplete", haijakamilika. "Insufficient", haitoshi. "Inadmissible", haikubaliki. "Incombustible", haiungui. Alikuwa sahihi kwa kila neno aliloniandikia. Neno moja tu lilinisumbua, "invaluable", ambalo kwa sheria hiyo lingekuwa kitu kisicho na thamani, kumbe maana yake ni chenye thamani isiyopimika. Nililihangaikia wiki nzima. Nikalizungushia duara, nikaandika pembeni "huyu ni wa peke yake", nikapumua. Nilidhani nimelipa deni lote la wasiwasi kwa ukurasa ule.

Mwaka wangu wa tatu chama cha wafugaji wa Ivuna kiliagiza dawa ya josho kutoka ng'ambo, mapipa sita ya kimiminika cha kuogeshea ng'ombe. Mnajua utaratibu ambao Mzee aliuanzisha mwaka mmoja kabla sijafika: mzigo wowote wenye kemikali husafiri na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye muhuri wetu, unaoeleza hatari zake, kwa kuwa karatasi za kiwandani ni za Kiingereza. Niliuandika mimi. Nilikagua kila mstari mara tatu. Msishike kwa mikono mitupu. Isikae karibu na chakula. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi. Nilibishana na nafsi yangu nusu saa kama niandike "maji mengi" au "maji mengi safi". Kisha nikafika kwenye "inflammable". Nikaweka rula. "In", hapana. "Flam", moto. "Able", inaweza. Nikaandika: Dawa hii haishiki moto. Mzee akasoma, akagonga muhuri. Asubuhi Mashaka akapakia na kuondoka.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimesimama mlangoni na chai, nikitazama foleni ya malori kama siku zote. Mbele yangu palikuwa na lori la mafuta, tangi refu la fedha, na nyuma yake neno lilelile kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa kiganja: INFLAMMABLE. Nilikuwa nimelipita neno hilo nyuma ya matangi kila siku kwa karibu miaka mitatu. Nikajiuliza, kwa utulivu kabisa, kwa nini mtu aandike kwenye tangi la petroli kwamba haishiki moto. Halafu nikaweka kikombe chini, palepale kizingitini.

Nililitafuta kwenye kamusi nikiwa nimesimama. Linashika moto. Linashika moto upesi. Ile "in" ya mwanzo si ya hapana, ni ya kuingia: kitu kinachoingia motoni kirahisi. Na "incombustible", ndugu yake, mwenye kichwa kilekile na mkia uleule, ni kinyume chake.

Nilimpigia Mashaka. Hapatikani. Namba ya katibu wa chama, haipatikani. Kule Ivuna, bondeni, mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Nikaenda kwa Mzee Sichalwe, nikafungua mdomo nimwambie, na nilichosema ni kwamba nina kichefuchefu.

"Nenda hospitali," alisema bila kuinua macho. "Umepauka."

Sikwenda hospitali. Nilipanda Noah ya Chitete, na kutoka Chitete nikachukua pikipiki. Barabara mnaijua. Dereva wa pikipiki aliniuliza kama nafuata msiba. Nikamwambia sijui bado.

Saa kumi jioni nilifika Ivuna, nikaelekezwa kwa katibu wa wafugaji, Ngasa, Msukuma mrefu aliyekuwa anarekebisha uzio wa josho. Mashaka alikuwa amekwisha kushusha na kuondoka. Mapipa hayakuwepo pale.

"Ghala letu liliezuliwa na upepo," Ngasa alisema. "Tukasema dawa isikae juani. Tumeiweka kwa Mama Namonje, banda lake lina bati na mlango."

"Banda la nini?"

"La chumvi."

Huko wanachemsha chumvi. Wanachota udongo wenye chumvi, wanauchuja kwa maji, kisha maji yale yanachemshwa kwenye makarai makubwa mpaka yakauke. Kwa kuni. Nilimuuliza Ngasa kama hawakuona picha ya ndimi za moto kwenye lebo ya pipa.

"Tuliiona. Tukamuuliza dereva. Akasema picha ni ya wazungu, karatasi ya ofisi ndiyo imeandikiwa sisi. Tukasoma karatasi." Akanitazama. "Karatasi imesema haishiki."

Nilitembea mbele yake, kisha nikakimbia. Moshi ulikuwa ukitoka juu ya bati. Ndani palikuwa na mafiga ya makarai mawili upande wa nyuma, moto ukiwaka chini ya yote mawili, na mapipa sita yamepangwa kati ya moto na mlango, kama hatua saba kutoka kwenye kuni. Pipa moja lilikwishafunguliwa asubuhi ili kupima dawa ya kwanza, na kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Harufu ilinipokea mlangoni. Mama Namonje, mwanamke wa makamo mwenye kitambaa kichwani, alikuwa anakoroga karai kwa mti.

"Shikamoo mama. Naomba uzime moto."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Ofisi ya Tunduma. Hii dawa inashika moto."

Hakuacha kukoroga. Kwa mkono mwingine alionyesha ukuta. Ukurasa wangu ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. "Soma hapo. Haishiki. Na muhuri upo."

"Imekosewa, mama."

"Amekosea nani?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyeandika."

Akanitazama kuanzia viatu. Nilikuwa na vumbi la wilaya nzima ya Momba. "Wewe? Ofisi ikikosea hutuma karatasi nyingine. Wewe umekuja na mdomo. Mdomo wako na karatasi yako vinagombana, nishike kipi?" Akapuliza moshi usimwingie machoni. "Maji haya nimeyachuja siku tatu. Nikizima sasa ni tope. Ngoja yakauke, tutaongea."

Nimesoma lugha chuo kikuu miaka mitatu. Kila nilichoweza kusema, mkono wangu ulikuwa umekipinga kwa mwandiko mzuri, na muhuri juu yake. Nilitaka kueleza habari za "in" ya hapana na "in" ya kuingia. Nilianza kweli. Nilisema, "Mama, kwa Kiingereza hizi herufi mbili..." Cheche ilirukia sakafuni ikazimika.

Nikauchomoa ukurasa kwenye msumari. Nikaubandika kwenye paja langu, nikakata ule mstari, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: INASHIKA MOTO. INAUA. Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, na Ruanda, Mbozi. Nikampa. Kisha nikaingia ndani, nikashika pipa lile lililofunguliwa, nikafunga kifuniko, nikaanza kulivuta kuelekea mlangoni. Lilikuwa zito, halikusogea hata nusu hatua. Ngasa akafika, akalishika upande wa pili.

Mama Namonje alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Aliponitazama tena nilikuwa nalia na bado navuta.

"Ameandika mpaka jina la baba yake," alimwambia Ngasa, kama vile sipo. Kuni zilizokuwa zikiwaka hazikuweza kutolewa nje, zingepita kando ya mapipa. Maji ya kawaida yalikuwa mbali. Akafunga khanga mkononi, akashika ukingo wa karai la kwanza na kulimwaga lote kwenye moto. Mvuke ukajaa banda. Akalimwaga la pili. Siku tatu zake zikaingia kwenye majivu, zikafanya sauti ndefu, kisha pakawa kimya.

Tuliyatoa mapipa yote, tukayapeleka kwenye kivuli karibu na josho. Nilimwomba msamaha. Hakusema si kitu, kwa kuwa kilikuwa kitu.

"Kesho utanichujia," alisema.

Nilikaa siku mbili nikichota udongo na kuchuja. Mikono ilichubuka na chumvi ikaingia humo. Mama Namonje alinisahihisha namna ya kuinama, akaniambia nachuja kama mtu anayeosha mtoto wa kuazima. Jioni ya mwisho alinipa kifuko cha chumvi. Nilifikiri sana njiani kama ni zawadi au ni dharau, na hata leo sijui.

Niliporudi ofisini nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mzee. Nilikuwa na matoleo manne, na katika mawili kati ya hayo kosa lilikuwa la sheria aliyonifundisha. Sikutumia hata moja. Niliweka mbele yake kamusi wazi kwenye ukurasa wenyewe, nikamwambia nilichoandika, na mahali nilipokuwa, na kwamba sikwenda hospitali.

Alisoma mara mbili. Nilingoja anifukuze. Alivua miwani akaifuta kwa sweta, muda mrefu, na nilipomwona anaifuta miwani iliyokwisha kuwa safi nikaelewa kwamba hanifikirii mimi.

"Mimi nimeliandika hivyo tangu tuanze," alisema. "Kila ukurasa."

"Watu walijua wenyewe, Mzee. Petroli, rangi, nani asiyejua?"

"Wewe ulijua?"

Akainuka akafunga mlango, akateremsha faili la nakala. Tulizipanga sakafuni, zake na zangu. Zilikuwa thelathini na moja zenye mstari ule. Alianza kupiga simu yeye, akijitaja jina kila mara kabla ya salamu, na kila mara akisema "nilikosea", hata kwa zile zilizokuwa na mwandiko wangu. Wengi walicheka wakasema waliliona kosa siku ileile. Wawili hawakucheka. Mmoja alikata simu akaenda kuhamisha kitu, tukakaa tukisubiri mpaka akapiga tena.

Tumewapata ishirini na wanane. Wawili kati ya waliobaki ni wafanyabiashara wa Zambia, na Ba Mulenga bado anawatafuta. Wa tatu ni fundi samani wa Chitete aliyechukua madebe ya gundi na vanishi. Simu yake imezimwa tangu mwanzo. Nimekwenda mara mbili. Wanasema alihama na vifaa vyake vyote kwenda bondeni, na hakuna anayejua ni kijiji gani. Faili ni la kijani, rafu ya chini. Ukurasa wake uko juu kabisa, na mstari ule ni wa mwandiko wangu. Anzeni na huyo.